Msimu ni mmoja, na kila ninayempenda ananivuta kwenye njia yake

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie kufikiri, maana jambo hili nimelibeba peke yangu hadi limeanza kuninyima usingizi. Mimi ni mama, nina kazi ya ofisini, na ninaendesha baiskeli. Si mwanamichezo wa kulipwa na sijawahi kushinda chochote. Napenda masafa marefu, basi. Nikishavuka kilomita mia moja, kichwa kinatulia kwa namna ambayo sijaipata kwingine kokote.

Nilianza pamoja na swahiba wangu. Yeye alikuwa ametoka kufiwa na mume, akanunua baiskeli ili apate sababu ya kutoka nyumbani, nami nikanunua yangu ili asiwe peke yake. Tangu hapo Jumamosi alfajiri ni yetu. Anatangulia yeye kukata upepo nami napumzika nyuma yake, akichoka natangulia mimi. Tumezoeana kiasi kwamba akibadili gia najua ameona kilima kabla sijakiona.

Mwaka huu nilimaliza breve ya kilomita 200, kisha ya 300. Kwa wasomaji wako wasiozijua, breve si mashindano. Unapewa kadi, unapita vituo vya ukaguzi, kila kituo wanakugongea muhuri, na unatakiwa umalize ndani ya muda: 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20. Hakuna gari la kukufuata. Ukipata pancha unaziba mwenyewe, ukisikia njaa unajitafutia. Swahiba alikuja kwenye ile ya 200, akamaliza, akasema, “Hii si yangu.” Ya 300 nilikwenda bila yeye. Giza lilinikuta zikiwa zimebaki kama kilomita 80. Shangazi, sijui nikuelezeje. Nilikuwa naona mwanga wa taa yangu tu na ule mstari mweupe wa pembeni mwa barabara, nasikia cheni, na sikuogopa hata kidogo. Nilipogongewa muhuri wa mwisho nilijua kwamba nataka kwenda Paris–Brest–Paris (PBP), ile safari ndefu ya baiskeli ya kule Ufaransa, mwaka 2027.

Sasa tunapanga msimu wa 2026, na hapo ndipo penye mgogoro. Swahiba anataka twende La Marmotte, tukio la baiskeli la siku moja kwenye milima ya Alps kule Ufaransa, kilomita kama 174 zinazoishia juu ya Alpe d’Huez. Marehemu mumewe alikuwa akiitazama milima ile kwenye televisheni kila Julai. Ameniambia anataka kufika pale, na hataki kufika na mtu mwingine ila mimi. Mume wangu naye habezi baiskeli, lakini habari ya usiku hataki kuisikia. Anasema kama lazima niendeshe gizani, basi niende Vätternrundan kule Sweden, kilomita 315 za kuzunguka ziwa, kwenye maelfu ya watu na vituo vya chakula, tena mwezi Juni ambapo usiku wa kule ni mfupi. Ameshatafuta mpaka ratiba. Mimi nataka nimalize mfululizo mzima wa breve, 200, 300, 400 na 600, ili nifuzu PBP.

Likizo ni moja, na fedha za kusafiri na baiskeli kwa ndege zinatosha safari moja. Mume amesema, “Chagua moja tumalize.” Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Tangu ile ya 300, kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, ikachukua siku kadhaa kuisha, na hadi leo nikiendesha muda mrefu inarudi. Nikisema, mume atapata sababu ya kunizuia.

Je, mimi ni mbinafsi? Nikimwacha swahiba nitakuwa nimemtelekeza pale pale nilipoahidi kutomtelekeza. Nikimfuata, 2027 itanipita, na PBP nyingine ni hadi 2031. Nisaidie.

Wako,
Mwenye njia tatu

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Nami nimekaa miaka mingi juu ya tandiko la baiskeli, na ule utulivu unaokuja baada ya kilomita mia naujua vizuri. Kwa hiyo sitakuambia kwamba haya ni mambo ya mchezo tu. Mtu anayeamka alfajiri kila Jumamosi kwa ajili ya jambo fulani, jambo hilo si dogo.

Niseme nilivyokuelewa. Una msimu mmoja, likizo moja na nauli moja. Swahiba anakuita mlimani, mume anakuelekeza ziwani, na wewe moyo wako umebaki kwenye barabara ya giza. Kinachokuumiza si kuchagua njia. Ni kwamba umeshaamini kuwa njia yoyote utakayoishika kuna mtu utamwumiza, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Kabla ya kuja kwa watu, tulitazame jambo la kanuni, kwa sababu naona limekubana bila ya lazima. Unaandika kana kwamba usipomaliza 200 hadi 600 mwaka 2026 mlango wa PBP umefungwa. Sivyo. Mfululizo wa kufuzu unaendeshwa katika msimu wa mwaka wenyewe wa PBP. Breve zitakazokupeleka Ufaransa mwaka 2027 ni zile utakazomaliza msimu wa 2027. Mwaka unaotangulia una kazi yake nyingine: kwa PBP ya 2019 na ya 2023, waliomaliza breve ndefu zaidi mwaka uliotangulia ndio waliofunguliwa usajili wa awali kwanza. Aliyekuwa na 600 alimtangulia mwenye 400, na mwenye 400 akamtangulia mwenye 300. Audax Club Parisien ndio wenye PBP, na tangazo lao la 2027 ndilo la kulifuata. Lakini kama wataenda kwa mtindo huo huo, basi breve moja ndefu mwaka 2026 itakufaa sana, na huo mfululizo mzima unaoulilia hautakuwa sharti.

Jambo la pili liko ndani ya barua yako mwenyewe. Breve hazikudai ndege. Zinaandaliwa katika nchi nyingi kwa kanuni zile zile, ndiyo maana uliweza kumaliza mbili bila kusafirisha baiskeli. Kwa hiyo ile nauli moja haigombaniwi na njia tatu. Inagombaniwa na La Marmotte na Vätternrundan. Na hukuandika popote kwamba wewe unaitaka Vätternrundan. Nimeitafuta sentensi hiyo, sikuiona.

Sidhani hata mume wako anaitaka. Anachotaka ni wewe urudi nyumbani mzima, na alipokosa njia ya kulisema hilo akaenda kutafuta ratiba ya Sweden. Mwanamume anayetafuta ratiba ya mke wake si mtu anayemzuia. Mkae, umuulize anaogopa nini hasa: magari? Wewe kuwa peke yako? Kutojua uko wapi saa nane za usiku? Kila hofu ina dawa yake. Kanuni za breve zinadai taa za mbele na nyuma na fulana ya kuakisi mwanga usiku. Zinakataza msaada wa njiani, lakini kwenye vituo vya ukaguzi msaada unaruhusiwa. Maana yake anaweza kukusubiri kituoni akiwa na soksi kavu, akuone kwa macho yake ukiingia na kutoka. Pengine akikuona mara moja vile unavyofurahi, mazungumzo yatakuwa mengine. Pengine hofu yake haitapungua, nalo itabidi mliheshimu.

Hapo nikushike mkono kidogo, mwanangu. Unasema hukuogopa. Nakuamini. Lakini usiku ulioupenda ulikuwa usiku wa mapema, nawe ulikuwa unaelekea mwisho. Bado hujakutana na saa tisa na saa kumi za usiku, ambapo mwili unapoa, macho yanafunga yenyewe na mbele yako bado kuna safari. Breve ya 400 ina saa 27, ya 600 ina saa 40, na PBP ni kama kilomita 1,200 ambazo wengi huziendesha kwa kikomo cha saa 90. Katika masafa hayo usingizi ndio mpinzani mkubwa kuliko miguu, na hatari yake haiishi ukishuka kwenye baiskeli. Kuna watu wamemaliza salama kisha wakashika usukani wa gari kurudi nyumbani wakiwa nusu usingizini. Sikutishi. Nasema kwamba ungeendesha 400 moja kwanza ndipo ujue kama unachokipenda ni usiku mzima au ni ile sehemu yake tamu. Ukigundua ni sehemu tu, hakuna aibu. Ukigundua ni mzima, utasimama mbele ya mume wako na maneno mengine kabisa.

Sasa swahiba. Hapa nimekaa muda mrefu zaidi, maana hapa ndipo barua yako inapouma.

Umeandika kwamba ukimwacha utakuwa umemtelekeza. Lakini alikuja kwenye ile ya 200, akasema si yake, nawe ukaenda kwenye 300 bila yeye. Urafiki haukuvunjika. Jumamosi zenu zimeendelea. Kwa hiyo tayari mnaweza kuachana njiani na kukutana tena, isipokuwa kama kuna jambo alilokuficha kuhusu ile ya 300 nawe hukumuuliza. Umemuuliza?

La Marmotte, kama sikosei kukuelewa, kwake si kuhusu kilomita. Ni ahadi kwa marehemu. Ahadi za namna hiyo wakati mwingine zina tarehe, na wakati mwingine hazina. La Marmotte hufanyika kila mwaka, imeanza tangu 1982. PBP inakuja kila baada ya miaka minne. Ukiangalia kalenda tu, jibu linaonekana jepesi: yeye angoje. Lakini mfiwa haambiwi angoje kwa hesabu ya kalenda. Huenda 2026 ina maana kwake ambayo hajaisema. Huenda magoti yake hayampi uhakika wa mwaka mwingine. Huenda pia hajali ni mwaka gani mradi uwe wewe. Haya matatu yanakupeleka sehemu tatu tofauti, na mwenye kujua ni yeye peke yake.

Na kama mtakwenda, kuna jambo mtakalokutana nalo huko ambalo Jumamosi zenu hazijawafundisha. Mmejengana kwa kukingiana upepo. Kwenye tambarare hilo ni nusu ya kazi, lakini kwenye mlima mkali mwendo unakuwa mdogo mno, upepo wa kukingwa haupo, na kila mtu anabaki na pumzi yake. Njia ya kawaida ya La Marmotte inapanda Glandon, kisha Télégraphe na Galibier yenye mita 2,642 juu ya usawa wa bahari, halafu baada ya kushuka bonde refu ndipo Alpe d’Huez na kona zake 21, zenye namba zinazohesabu kurudi nyuma. Jumla ya kupanda inafika mita 5,000. Watu wawili wenye mwendo sawa kwenye barabara tambarare hutengana pale, tena mapema. Je, atakayetangulia atasubiri juu ya Galibier akiwa na jasho lake kwenye baridi? Muda wa mwisho wa kupita kituo ukikaribia na mmoja yuko nyuma, mwingine afanye nini? Nimeona marafiki wazuri wakirudi kutoka milimani hawasemeshani kwa sababu kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno “pamoja”. Kama yeye anataka mfike juu bega kwa bega, basi hiyo si siku yako ya kupima miguu, ni siku yake, na ukubali hivyo kabla ya kulipa ada. Ukienda huku moyoni unahesabu breve ulizozikosa, atahisi. Anakujua kwa sauti ya gia, hatashindwa kukujua kwa ukimya.

Mazoezi ya mlimani hayatapotea lakini. PBP haina mlima mmoja mkubwa, ina vilima visivyoisha, na ukivijumlisha vinapita mita 10,000. Miguu ya Galibier itakusaidia huko.

Kwa hiyo kuna uwezekano ambao barua yako haikuutaja: breve fupi mapema katika msimu, La Marmotte mwanzoni mwa kiangazi cha huko, kisha 400 au 600 baadaye kama kalenda ya waandaaji wa karibu nawe inaruhusu. Inavutia kwenye karatasi. Hatari yake ni kwamba msimu wa namna hiyo hauna pa kupumzikia, na wikendi zote hizo zinatoka nyumbani kwako. Umewataja watoto kwa neno moja tu, “mama”. Breve ya 600 inachukua Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu unakuwa mtu wa kuokotwa. Nani atakuwa anabeba nyumba siku hizo, na je, ameulizwa au anadhaniwa tu?

Uwezekano mwingine ni kuuacha mlima mwaka 2026 na kukaa na breve peke yake. Utakuwa mbele kwenye usajili na utaujua usiku wako. Utakachohatarisha unakijua kuliko mimi. Na hata Vätternrundan nisingeitupa haraka: kati ya zote tatu, ndiyo pekee ambapo ule ufundi wenu wa kukingiana upepo unafaa kwa siku nzima, na ungeonja usiku ukiwa katikati ya watu. Ila kilomita zake si za breve, hazitakupandisha kwenye foleni ya PBP, na kwa swahiba ziwa si mlima wa mumewe.

Mimi ukiniuliza namna ya kuzipima, sipimi siku ya tukio. Agosti 2025 London–Edinburgh–London, safari ya baiskeli ya kilomita kama 1,500 kule Uingereza, ilisimamishwa katikati kwa sababu ya dhoruba Floris. Watu walikuwa wamejiandaa miaka, wakageuzwa njiani. Siku ya tukio inaweza kunyang’anywa na upepo. Miezi ya kujiandaa hainyang’anywi. Kwa hiyo fikiria ile miezi. Miezi ya kupanda kilima kile kile tena na tena mkiwa wawili, au miezi ya kuondoka jioni na kurudi asubuhi. Kama siku yenyewe ingefutwa, ni miezi ipi ungeshukuru kwamba uliiishi? Sijui utajibu nini, na sitaki kukujibia.

La ubinafsi silijibu kwa ndiyo au hapana. Mtu anayenunua baiskeli ili rafiki yake asiwe peke yake, sioni nianzie wapi kumwita mbinafsi. Lakini wema wa mwanzo haukupi deni la kulipa maisha yako yote, na wala haukupi ruhusa ya kuondoka bila kuaga.

Sasa hivyo vidole. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete mara nyingi inatokana na neva inayopita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, pale unapoegemea usukani saa nyingi. Huenda usukani uko chini mno, huenda tandiko limeinamia mbele na uzito wote unamwagikia mikononi, huenda unashika sehemu moja bila kubadilisha. Mengi ya hayo yanarekebishika. Lakini neva ikibanwa msimu mzima inaweza kudhoofisha mkono, na mkono dhaifu ni hatari kwenye breki unaposhuka Glandon kama ulivyo hatari saa kumi za usiku kwenye breve. Nenda kwa daktari, kisha kwa mtu anayejua kupima baiskeli na mwili wa mwendeshaji. Na mume mwambie. Ndiyo, anaweza kuitumia kama sababu. Lakini unataka akuamini na usiku mzima, ilhali wewe hujamwamini na vidole viwili.

Usajili wa matukio makubwa hujaa mapema, kwa hiyo usiyaache mazungumzo haya yangoje. Anza na daktari, halafu mume, halafu swahiba. Naye mzungumze mkiwa mmekaa, si mkiwa mnaendesha, ili ausikie moyo wako wala si pumzi zako. Ada usimlipe yeyote kabla ya hapo. Kisha niandikie, hasa kuhusu alichokujibu ulipomuuliza juu ya ile ya 300.

Shangazi